Kompyuta ya steshenari inajizima kila alasiri, nimefomati mara mbili bado (IMETATULIWA, jibu liko #25)

#1 BintiMakorora | Jumatatu, saa 3:40 usiku

Wakuu habari za usiku. Nina kasteshenari kangu Ngamiani, hapa Tanga mjini. Fotokopi, kuchapa barua, laminesheni, picha za pasipoti, kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Kompyuta ni ya mezani, mtumba, RAM GB 8, Windows 10. Niliinunua mwaka jana na haijawahi kunisumbua.

Sasa ni kama wiki tatu. Asubuhi inapiga kazi vizuri tu, hamna neno. Ikifika saa tisa, saa kumi alasiri, inazimika ghafla halafu inajiwasha yenyewe. Hakuna skrini ya bluu, hakuna onyo. Siku nyingine mara moja, siku nyingine mara nne. Na ndiyo saa wanafunzi wametoka shule, wamejaa mlangoni! Leo imezima kijana akiwa ukurasa wa mwisho wa maombi ya mkopo wa chuo. Alivyonitazama, nilitamani ardhi ipasuke.

Nilichofanya: fundi wa kwanza kafomati, elfu 25. Siku mbili, ikarudi vilevile. Fundi wa pili kafomati tena na kubadilisha RAM. Vilevile. Wa tatu kaniambia mazabodi imekufa ninunue mashine nyingine.

Kabla hamjasema umeme: umeme haukatiki. Feni inazunguka, taa zinawaka, hata moniti haizimi, inabaki inaandika hakuna mawasiliano. Inayozima ni kompyuta peke yake.

Naombeni msaada, biashara inakufa.

#2 Kidole_Kimoja | saa 3:52 usiku

Waja leo waondoka leo. Kumbe na kompyuta za Tanga ziko hivyohivyo 😂

Hiyo ni virusi. Flashi za wanafunzi hizo. Weka Windows 11.

#3 DaktariWaMashine | saa 4:05 usiku

Kidole, virusi gani vinavyosubiri kengele ya shule? Na Windows 11 kwenye mashine ya mtumba usimshauri mtu hivihivi. Inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ambayo si ya zamani sana. Ni kweli Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, dada utalazimika kulifikiria siku moja, ila halihusiani na kuzimika.

Mimi naanza na joto. Alasiri Tanga joto limeshapanda, duka dogo, mashine imeshinda inawaka toka asubuhi. Izime, chomoa waya ukutani, fungua ubavu, angalia vumbi kwenye feni ya prosesa. Utakuta blanketi. Toa kwa brashi laini ya rangi, huku umeshika feni isizunguke. Kisha weka HWMonitor, programu ya kusoma joto la mashine, uiache wazi, uniambie nyuzi ngapi inasoma dakika chache kabla ya kuzima. Ikigusa 95 na kuendelea tutazungumza habari ya grisi ya prosesa.

#4 BintiMakorora | Jumanne, saa 2:15 usiku

Daktari, nimefungua. Vumbi lilikuwepo, wallahi karibu nilie kwa aibu, na mjusi mmoja mkavu. Nimesafisha. Leo alasiri nimekaa naiangalia HWMonitor kama naangalia mpira. Nyuzi 58, 61, 60, 63… pap, giza. Saa 10:20.

Kwa hiyo si joto?

#5 DaktariWaMashine | saa 2:31 usiku

Si joto. Pole. Ila mjusi umemwondoa.

#6 Nahodha_wa_Pangani | saa 3:02 usiku

Wakuu tuache kupiga ramli, mashine yenyewe huwa inaandika shajara. Dada, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, Enter. Upande wa kushoto fungua Windows Logs, kisha System. Tafuta mstari mwekundu wenye maneno Kernel-Power na namba 41. Ukiupata ubofye, nenda Details, utaona neno BugcheckCode. Namba iliyo mbele yake ndiyo tunayoitaka.

#7 BintiMakorora | saa 3:30 usiku

Ipo. Ziko 41 nyingi mpaka nimeogopa, nimehesabu 23 tangu ilipofomatiwa mara ya mwisho. Zote BugcheckCode ni 0. Nimeangalia na saa zake: hakuna hata moja ya kabla ya saa nane mchana.

#8 Nahodha_wa_Pangani | saa 3:48 usiku

Hapo umetusaidia kuliko mafundi wote watatu. Sikilizeni.

41 maana yake Windows imeamka ikajikuta ilizimwa bila kuagwa. Haisemi nani kaizima. Kama ingekuwa draiva mbovu au faili la mfumo limeharibika, Windows ingeanguka yenyewe, ingeacha namba ya kosa, na hapo kwenye BugcheckCode pasingekuwa 0. Sifuri karibu kila mara ina maana mbili: ama mashine iliganda kabisa, ama ilikatiwa umeme ikiwa hai. Yako haigandi, inazima na kuwaka. Kwa hiyo kufomati hata mara kumi ni kumpaka rangi mtu mwenye malaria.

Hakikisha kwa jambo moja: Control Panel, System, Advanced system settings, Startup and Recovery, ondoa tiki kwenye Automatically restart. Ikiwa kuna skrini ya bluu inapita haraka, safari hii itabaki uione. Ikizima bila bluu, mtuhumiwa ni pawa saplai, kile kisanduku cha ndani kinachopokea umeme wa ukutani na kuigawia kompyuta.

Na pawa saplai ujue ina pumzi fupi sana. Iliyo nzima huvumilia kukosa umeme kama milisekunde 16 hivi. Umeme wetu ni wa hezi 50, wimbi moja ni milisekunde 20. Yaani haivumilii hata wimbi moja! Ikichakaa, kapasita zimevimba, haivumilii hata hizo.

#9 TeknoMasta | saa 4:10 usiku

Dada hilo tatizo nalijua vizuri sana, dawa yake ni dakika 5. Njoo inbox.

#10 Nahodha_wa_Pangani | saa 4:14 usiku

Mwaga hapahapa mkuu.

#11 Msimamizi | saa 4:20 usiku

TeknoMasta, dawa za inbox marufuku humu. Mwenye tatizo hilihili mwakani atakuja kusoma nini?

#12 ChumbageniKwetu | Jumatano, saa 1:05 usiku

Samahani kudandia uzi, nami ni Tanga. Flashi yangu mafaili yote yamegeuka shotikati, nikibofya hayafunguki. Kuna ripoti ya chuo humo. Nimeshika kichwa.

#13 DaktariWaMashine | saa 1:22 usiku

Ungefungua uzi wako, ila kwa kuwa ripoti ni ripoti: usifomati flashi! Mafaili yapo, yamefichwa tu. Angalia flashi imepewa herufi gani, tuseme F. Fungua cmd (dirisha jeusi la kuandika amri), andika:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Subiri imalize. Mafaili yatajitokeza. Yanakili pembeni, futa shotikati zote na faili lolote la .vbs usilolijua. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kompyuta uliyochomeka nayo ina mdudu. Usipoisafisha, kesho utarudi hapa na flashi ileile.

#14 ChumbageniKwetu | saa 2:00 usiku

IMERUDI!! Yote! Mungu akuweke. Kwa atakayesoma: mwanzoni ilikataa kufuta hilo .vbs, ikasema linatumika. Nikafungua Task Manager, nikakuta wscript, ndiyo inayoendesha mafaili ya .vbs, inazunguka, nikaiua, likafutika. Kisha Defender, kinga ya virusi ya Windows, imekamata mengine mawili kwenye laptopu.

#15 BintiMakorora | Ijumaa, saa 3:15 usiku

Hongera jirani, wewe umepona. Mimi nimenunua pawa saplai, mtumba lakini imepimwa, elfu 35. Nimefungiwa. Skrini ya bluu haijatokea hata chembe, tiki nimetoa kama Nahodha alivyosema. Jana nzima haikuzima, nikafurahi, nikataka kuja kuandika hapa. Leo saa 9:50 pap. Saa 10:35 pap.

Na sasa kuna jipya. Nikiiwasha asubuhi inaniambia ni mwaka 2015, na tovuti zinakataa kufunguka, zinasema muunganisho si wa faragha. Intaneti kwenye simu iko sawa. Nimechoka jamani.

#16 DaktariWaMashine | saa 3:29 usiku

Hili la pili ni dogo mno usilie. Kwenye mazabodi kuna betri ya duara kama sarafu, CR2032, volti 3. Ndiyo inayotunza saa mashine ikiwa imechomolewa ukutani. Imeisha, na alipochomoa nyaya kufunga pawa saplai, saa ikarudi nyuma. Cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine yako ikidhani ni 2015, cheti kinaonekana hakijazaliwa bado, kivinjari kinagoma. Badilisha betri, rekebisha tarehe, basi.

#17 BintiMakorora | Jumamosi, saa 7:10 mchana

Betri shilingi elfu mbili kwa muuza saa. Tovuti zote zimefunguka. Asante daktari. La kujizima liko palepale.

#18 MwlHisabati | Jumamosi, saa 2:44 usiku

Nimesoma uzi wote kutoka huku Muheza, nikasema ngoja nitafute kama kuna aliyewahi kupata hili. Nimepata uzi wa zamani humuhumu. Dalili zilezile: alasiri, 41, sifuri, moniti haizimi. Watu wamemhangaikia kurasa tatu. Mwisho mwenyewe anaandika, nanukuu uzi mzima wa hekima yake: "Wakuu nimeshapata suluhisho, asanteni sana." Akaondoka. Hajaonekana tena.

Huyu bwana nikikutana naye nitamnunulia machungwa gunia zima kisha nimuulize taratibu: ulipata NINI?

#19 Kidole_Kimoja | saa 2:50 usiku

Nimeenda kuusoma. Walimuuliza mara sita alifanyaje. Nusura nivunje simu.

#20 Babu_Raskazone | Jumapili, saa 4:30 asubuhi

Mimi si mtu wa kompyuta. Nimefanya kazi ya umeme wa viwandani miaka mingi, enzi za mkonge mpaka nikastaafu. Mjukuu wangu ndiye kanionyesha huu uzi, nami nina swali ambalo naona hakuna aliyeuliza.

Binti, mmeanzia ndani ya sanduku, mkaenda ndani zaidi na zaidi. Mimi nataka uanzie ukutani. Simama kwenye soketi, ufuate waya kwa kidole mpaka ufike nyuma ya kompyuta, kisha uniandikie kila kitu kidole kilichopita juu yake. Usiruke kitu kwa sababu unadhani hakina maana. Na kwenye soketi hiyohiyo, nani mwingine anakula?

La pili: wiki tatu kabla hujaandika, nini kilibadilika humo dukani? Kitu kipya, kitu kilichohamishwa, hata meza.

#21 BintiMakorora | Jumapili, saa 1:20 usiku

Shikamoo mzee. Nimefanya ulivyosema, na kidole nimekipitisha kweli.

Soketi ya ukutani, upande wa barabarani. Hapo imechomekwa ekstensheni ya matundu manne. Tundu la kwanza UPS, lile boksi lenye betri la kushikilia umeme ukikatika, na kompyuta imechomekwa kwenye UPS. La pili mashine ya fotokopi. La tatu laminesheni. La nne chaja za simu za wateja. Moniti iko soketi ya ukuta wa pili kwa sababu waya wake haufiki. Feni na taa ni za ukuta huohuo wa pili.

Kilichobadilika: laminesheni ilikuwa meza ya nyuma. Niliisogeza mbele wiki ya kwanza ya mwezi, wanafunzi walipoanza kuleta vyeti. Naiwasha mchana tu, wakianza kuja.

Mzee, nimeandika hivyo halafu nikakaa kimya nikiangalia nilichoandika.

#22 Kidole_Kimoja | saa 1:26 usiku

Dada una UPS?! Tumefika posti ya 21, UPS ndiyo inatajwa leo?!

#23 BintiMakorora | saa 1:33 usiku

Sasa UPS si ndiyo inalinda? Ningeitajaje kwenye watuhumiwa? Ni ya tangu nafungua duka, mwaka wa nne huu. Taa yake ya kijani inawaka. Inalia pii mara mojamoja, nilidhani ndiyo inavyofanya kazi.

#24 Babu_Raskazone | saa 2:10 usiku

Marahaba binti. Mlinzi naye huzeeka. Ndani ya hiyo UPS kuna betri ya risasi na asidi, aghalabu ya volti 12. Kwa joto letu la pwani miaka mitatu, minne, inakuwa imekwisha. Taa ya kijani inakuambia umeme wa ukutani unafika. Haikuambii betri inabeba.

Nadhani yangu ni hii, na ni dhana mpaka ipimwe. Mashine ya fotokopi ina roli la kuchomea wino, likiwaka linavuta zaidi ya wati elfu kwa sekunde chache, linaachia, linavuta tena. Laminesheni nayo ni pasi tu kwa jina jingine. Zikigongana kuvuta kwa pamoja kwenye soketi moja yenye kiungo kibovu, umeme unatetereka kufumba na kufumbua. UPS inaona, inakimbilia kwenye betri, inakuta maiti. Kompyuta inaanguka. Sekunde hiyohiyo umeme umeshatulia, kompyuta inawaka. Feni haioni kitu, ipo ukuta mwingine, na hata ingekuwa ukuta huu mapanga yangeendelea kuzunguka kwa mbio zake zenyewe. Taa za siku hizi nazo zinaficha.

Vipimo viwili. Kwanza, zima kompyuta vizuri, ichomoe, chomeka taa ya mezani kwenye UPS, kisha chomoa UPS ukutani. Taa ikibaki, betri ni nzima. Pili, ukipata balbu ile ya zamani ya waya ndani, iweke kwenye ekstensheni hiyo alasiri, washa mashine zote mbili ufanye kazi kama kawaida. Itazame. Balbu ya waya haina siri.

Soketi yenyewe usiifungue. Iguse tu kwa mgongo wa kiganja juu ya plastiki, kama ina moto kuliko ukuta, mwite fundi umeme mwenye leseni, azime meni swichi kwanza.

---

*(Hapa zimepita siku kumi na mbili. Kulikuwa na posti tano za "dada vipi" na moja ya Kidole: "Kaja leo kaondoka leo, nilisema." Nimezifuta ili uzi usomeke. Namba nimezipanga upya. — Msimamizi)*

---

#25 BintiMakorora | Ijumaa, saa 3:05 usiku

Nipo jamani, sijakimbia. Nilikuwa nasubiri zipite alasiri kumi bila kuzima, nisije nikawadanganya kama siku ile ya pawa saplai. Leo ni ya kumi. Haijazima hata mara moja. Kuzima kwenyewe nilikuwa nimezoea mpaka saa kumi ikifika mkono unaenda kubonyeza hifadhi bila kuambiwa.

Naandika kila kitu, MwlHisabati akiniona barabarani asinifukuze.

Kipimo cha UPS: nilichomeka taa ya mezani, nikachomoa UPS ukutani. Taa haikusubiri hata nusu ya pumzi. UPS ililia pii moja, kimya. Fundi baadaye aliifungua, betri ni ya volti 12, amperi-saa 7, imevimba ubavuni kama andazi. Mita ilisoma volti 9 na ushee.

Balbu ya waya nimezunguka kuitafuta madukani, wananicheka. Nimeipata kwa jirani, iko bandani kwa kuku anatunzia vifaranga. Nikaiweka kwenye ekstensheni saa tisa. Fotokopi peke yake: balbu inafifia kidogo ikianza kurasa, inarudi. Laminesheni peke yake: hivyohivyo. Zote mbili pamoja, mzee, ilikuwa inakonyeza. Kukonyeza kabisa! Na mara ya nne ilipokonyeza, kompyuta nyuma yangu ikaenda. Wanafunzi walipiga makofi, mimi ndiye niliyekuwa nashangilia zaidi yao, wakadhani nimechanganyikiwa.

Soketi niligusa kwa mgongo wa mkono. Ya moto. Nikachomoa kila kitu nikafunga duka siku hiyo.

Fundi umeme alikuja kesho yake na baiskeli yake, mzee wa makamo, ana leseni, nilimwomba anionyeshe kama Babu alivyosema. Akazima meni swichi, akafungua. Upande wa waya mmoja shaba imeota kutu ya kijani, skrubu imelegea, na plastiki ya nyuma imekuwa ya kahawia, imeanza kukunjamana. Ananiambia soketi za mtaa wetu nyingi anazikuta hivyo, upepo wa bahari una chumvi na unyevu, kiungo kikilegea kidogo tu chumvi inaingia, kinashika kutu, kinapata moto, kinalegea zaidi. Ekstensheni nayo aliipindua, akanionyesha waya wake ulivyo mwembamba, akasema huu ni wa redio na chaja. Kasema tungeendelea mpaka masika, tungezungumza habari nyingine.

Tulichofanya:

Soketi mpya, ncha za waya zimekatwa mpaka kwenye shaba safi. Fotokopi imepewa soketi yake yenyewe na waya mnene wake kutoka kwenye meni swichi. Laminesheni imerudi ukuta wa nyuma ilikokuwa. UPS imewekewa betri mpya, kwake imechomekwa kompyuta na moniti, basi. Ile ekstensheni inachaji simu.

Gharama: soketi, waya na ufundi elfu 60, betri elfu 45. Ukijumlisha na zile za kufomati mara mbili, RAM ambayo haikuwa na kosa na pawa saplai ambayo haikuwa na kosa… sijumlishi.

Na yule kijana wa mkopo alirudi siku ya tatu yake. Tulimaliza fomu yote, nikamchapia bure.

#26 MwlHisabati | saa 3:20 usiku

Hiyo ndiyo posti. Machungwa ni yako, nitayaleta Jumamosi.

#27 Nahodha_wa_Pangani | saa 3:34 usiku

Nakubali kosa langu. Nilisema "imekatiwa umeme ikiwa hai", halafu nikaruka moja kwa moja kwenye pawa saplai, kama vile umeme unazaliwa humo ndani. Elfu 35 za dada ziko shingoni mwangu. Shikamoo Babu.

#28 Babu_Raskazone | Jumamosi, saa 2:15 asubuhi

Marahaba. Binti umefanya vema kufunga duka siku ile. Kahawia ile ya plastiki ndiyo ilinikosesha usingizi, si kompyuta.

Swali moja: huyo fundi alipima na waya wa ardhi? Soketi kongwe za huko Ngamiani utakuta tundu la tatu lipo lakini nyuma yake hakuna waya.

#29 BintiMakorora | saa 7:40 mchana

Alipima mzee. Ulikuwepo ila haukukazwa. Ameukaza.

#30 Mnazi_Mkinda | saa 9:12 alasiri

Nimesoma. Mimi niko Mtwara, mashine yangu inajizima pia, ila asubuhi tu, ikishapata moto haizimi tena siku nzima. BugcheckCode si 0, inaandika 26. UPS sina. Je ni hilihili?

#31 DaktariWaMashine | saa 9:30 alasiri

Si hili mkuu. Yako ina namba, maana yake Windows yenyewe inaanguka. Hapo huandikwa kwa hesabu ya kawaida, 26 ukiigeuza kuwa ya heksa (hesabu ya msingi wa 16) ni 1A, na hiyo ni ya usimamizi wa kumbukumbu. Mara nyingi ni RAM, hasa kama inagoma ikiwa baridi. Zima, chomoa ukutani, toa RAM, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa, rudisha mpaka isikike imebana. Kisha iache MemTest86, programu ya kupima RAM, ifanye kazi usiku kucha. Fungua uzi wako utuletee majibu, tutakuja huko.

#32 Mnazi_Mkinda | saa 9:33 alasiri

Sawa daktari, nafungua.

#33 BintiMakorora | saa 12:50 jioni

Wakuu, jambo la mwisho. Kuna pawa saplai hapa ya mtumba na kadi moja ya RAM, ni nzima kabisa, uzi mzima huu ni shahidi. Mwenye shida aseme bei.

#34 Msimamizi | saa 1:02 usiku

Matangazo ya biashara yana jukwaa lake, dada.